Rangi Nyekundu Juu ya Kaburi

Gatuanyaga, Thika
9 Februari 2025

Kwa Wavinya, mtoto wa dada yangu na wangu pia,

Mimi ni mzima, isipokuwa lile goti la kushoto ambalo linajua baridi kabla ya redio kutangaza. Nimekaa kwenye meza ya dirishani, hapo ulipokuwa ukiandikia kazi zako za shule wakati wa likizo. Alama ya wino wako wa bluu bado ipo. Huko kwenu najua ni baridi kali. Vaa soksi mbili, hata kama wenzako watakucheka.

Mvua ya Novemba ilikuwa kidogo lakini mbaazi zimejitahidi. Yule mbuzi mwenye sikio lililokatika amezaa, na mtoto wake anafuata watu badala ya mama yake. Ciku, jirani yetu, amefungua kibanda cha mboga pale kona, na anasema wateja hawajui hata majina ya mboga. Koti la marehemu baba yako mdogo, Maluki, bado liko kwenye msumari wake. Wiki jana nililitoa ili nilioshe, nikalishika kidogo, kisha nikalirudisha bila kuliosha.

Najua ungependa nikupigie simu. Kwa simu nalia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, nawe unalia, tunamaliza tukiwa hatujasema lolote. Tena simu nimeizima na kuiweka kwenye kopo la majani chai, kwa sababu mabroka wa ardhi wamepata namba yangu na wanapiga tangu asubuhi. Barua huenda polepole, lakini haikatizwi.

Sasa jambo lenyewe. Tuliitwa kwa chifu kuonyeshwa ramani. Kijana kutoka ofisi ya mipango aliibandika ukutani akasema imetengenezwa na kompyuta, na inaonyesha mji utakavyokua mpaka mwaka 2050. Penye nyekundu patakuwa na nyumba, penye kijani patabaki mashamba. Ruiru yote ilikuwa nyekundu kama nyama buchani. Juja hivyo hivyo, mpaka Kalimoni. Thika nayo. Kisha huku kwetu kijani tupu, isipokuwa doa moja jekundu, peke yake, kama tone lililoanguka kwa bahati mbaya.

Mzee Musau akauliza, "Kijana, hapo penye damu ni wapi?"

Kijana akatazama karatasi yake, akataja mto, akataja shule, akasogeza kidole. Watu wakaanza kunigeukia kabla hajamaliza.

"Haiya!" Ciku akasema. "Hapo si ni kwa Maluki?"

"Mama Mbula," akasema Mzee Musau, "kumbe umetuficha mji huko kwako!"

Watu walicheka, nami nikacheka.  Lakini, Wavinya, ile rangi ilikuwa imekaa juu ya kaburi la Maluki.

Kesho yake shemeji yangu Kivuva alifika kutoka Ruiru na mtu mwenye viatu vya ncha kali. Unajua taito ya shamba ina majina mawili, la Maluki na la Kivuva ndugu yake, kila mmoja na nusu yake. Huyo mtu hataki nusu. Anataka shamba lote au aache, kwa hiyo wanangoja sahihi yangu. Kivuva alisema kwa upole, siwezi kusema alinitisha: "Shemeji, kompyuta imeshaona. Hapa ni mji. Uza sasa kwa heshima kabla hujasukumwa."

Nikamuuliza, "Na Maluki?"

Akatazama chini. "Watu huhamishwa, shemeji. Kuna makaburi mazuri ya umma."

Wewe ulisomea mambo ya ardhi na kompyuta. Niambie, hiyo nyekundu ni amri au ni ubashiri? Maoni yanapokelewa mpaka tarehe 23 Mei. Andika upesi.

Ni mimi mama yako mdogo,
Mbula


Uholanzi
3 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Barua yako ilinifikia Ijumaa, nikaisoma nimesimama mlangoni na viatu vyangu vina theluji. Nimevaa soksi mbili. Hakuna aliyecheka, kila mtu hapa anavaa mbili.

Nimefurahi kusikia kuhusu mbuzi. Mimi ninaendelea vizuri. Kazi ni nyingi, chakula nimekizoea, ingawa mahindi yao ni ya sukari na hayafai kuchomwa. Jumapili nilipata unga wa dengu kwa Wahindi nikajaribu kupika kitu kama kile cha kwako. Hakikufanana.

Kuhusu ramani, nitakueleza kwa kadiri niwezavyo. Wanaotengeneza ramani kama hizo hugawanya nchi nzima katika visanduku vidogo vya mraba, kama daftari la hesabu. Wanachukua picha zilizopigwa kutoka angani miaka iliyopita na kuiambia kompyuta: hapa palikuwa kahawa, sasa ni nyumba, hapa palikuwa malisho, sasa ni nyumba. Kompyuta inajifunza tabia. Inaona kwamba kisanduku kilicho karibu na barabara hujengwa haraka. Kilicho na majirani waliojengwa hujengwa haraka zaidi. Penye mteremko mkali au kinamasi huachwa. Baada ya kujifunza, inatembea mwaka baada ya mwaka kwenda mbele, na kila mwaka inauliza kila kisanduku: je, zamu yako imefika?

Fikiria thangari, lile gugu linalotambaa shambani. Hairuki hovyo. Inafuata unyevu, inafuata ukingo, inashika jirani yake. Lakini mara chache mbegu moja huanguka mbali na kuanza pale peke yake.

Kwa hiyo si amri. Ni kubahatisha kwa uangalifu. Ofisi ya mipango ndiyo huamua, na huamua baada ya kuwasikiliza watu. Ila nisikudanganye, ramani ikishabandikwa ukutani, watu huanza kuishi kama inavyosema. Wenye fedha hununua penye nyekundu, na wakinunua, panakuwa nyekundu kweli.

Tafadhali usitie sahihi chochote kwa sasa. Nitauliza wanaohusika kwa nini doa lile liko peke yake. Ni jambo lisilo la kawaida.

Usije ukachemsha simu kwa makosa ukidhani ni majani chai.

Mwanao,
Wavinya


Gatuanyaga
30 Machi 2025

Mwanangu Wavinya,

Hapa tunangoja mvua ya masika. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaenda zao. Ciku anakusalimu na kuuliza kama wazungu wako wanaweza kumtengenezea ramani ya kuonyesha mume atatoka upande gani. Nilimwambia nitauliza.

Nilikwenda Ruiru kumwona Kivuva kwake, kwa sababu nilitaka tuongee bila yule mtu wa viatu. Nilishuka kwenye treni nikapotea. Hebu fikiria, mimi kupotea Ruiru! Maluki aliendesha trekta ya shamba la kahawa pale miaka minane, nami nikichuma. Mahali palipokuwa na lile birika la kuoshea kahawa sasa ni fleti, na kila baraza imeanikwa nguo za watoto. Nilisimama nikitafuta mti wowote ninaoujua. Mlinzi akaniuliza, "Mathe, unatafuta nyumba ya kupanga?" Nikamwambia natafuta birika. Akanihurumia, nadhani alifikiri akili imeniruka.

Kivuva alinipokea vizuri. Alichemsha chai mwenyewe. Ukutani ameweka picha ya Maluki, ile aliyovaa kofia ya trekta.

Nikamuuliza, "Shemeji, kompyuta inajua nini kuhusu kwetu? Imewahi kula mbaazi zetu?"

"Si kompyuta peke yake," akasema. "Kuna watu waliosoma." Akatoa simu, akafungua picha ya ile ramani, akakuza pembe ya chini mpaka maandishi madogo yakawa makubwa. "Una miwani? Soma hapo."

Nikasoma. Kulikuwa na majina matatu ya kigeni, na la nne lilikuwa Wavinya Mwanzia.

"Sasa, shemeji," akasema, "unabishana na mimi au na mtoto wako mwenyewe?"

 Nilikunywa chai mpaka ikaisha, nikasema nachelewa treni.

Sikukasirika, Wavinya. Njiani nilifikiri tu juu ya ulivyoandika "wanaotengeneza ramani," kama mtu anayezungumzia watu wa mbali. Labda uliona vigumu. Mimi pia kuna mambo sikuandikii. Kivuva aliniachia karatasi za wakili kwenye bahasha ya kaki, na kuhusu bahasha hiyo usiniulize kwa sasa. Nimechoka kuwa mtu pekee anayekataa. Nikiamka huhesabu watu wanaosema niuze, kisha nahesabu wanaosema nisiuze, na wa upande wa pili ni mimi na mbuzi.

Ile picha ya Maluki ukutani ilinirudisha siku ya mazishi. Hukuwahi kuniuliza kuhusu siku hiyo, nami sikukueleza, kwa kuwa nilijua ofisi ya viza huko ilikuzuilia pasipoti na ulitaka kuja. Leo acha nikueleze kidogo.

Unakumbuka kwetu hapakuwa na njia ya gari. Ulikuwa unashuka kwenye lami na kutembea kando ya ua wa jirani yetu Mutisya, sketi yako ikishika miiba. Basi gari la maiti lingefikaje? Mutisya aliwaita wanaume wa jumuiya ya kanisa, wakaja na majembe, mapanga na mikokoteni ya punda. Walikata ua wao wenyewe. Walichonga njia kutoka lami mpaka mlangoni kwangu na kumwaga changarawe, na mvua ya manyunyu ikiwapiga. Julai ya huku unaijua, wiki nzima hatukuona hata kivuli chetu. Kivuva naye alileta tenti kutoka Ruiru, zile kubwa nyeupe za harusi. Nikamwambia ni nyingi mno, akasema, "Ndugu yangu hatazikwa watu wakinyeshewa." Zilijaa shamba lote la mbaazi mpaka ukingoni.

Na asubuhi ya mazishi jua likatoka. Wavinya, lilitoka kama la Januari! Tenti hazikuhitajika hata kidogo. Zilimetameta mpaka padri akafunika macho. Jioni mawingu yakarudi na kukaa mpaka Agosti. Nilijiambia mbingu zilifunguliwa kidogo ili zimtazame Maluki.

Ndiyo hayo. Sijui kwa nini nimekuandikia. Wino unaisha.

Mama yako mdogo,
Mbula


Uholanzi
22 Aprili 2025

Mama mdogo,

Naanza bila habari za nyumbani kwangu, nisamehe, sina habari nyingine kichwani.

Ndiyo, ni kazi yangu. Mimi na wenzangu watatu. Wao hawajawahi kufika Kenya, kwa hiyo picha za upande wa Thika na Ruiru nilizishughulikia mimi. Nilipoona barua yako ya kwanza niliogopa kusema, kwa sababu nilijua ukisikia ni mimi utaiamini rangi ile. Ungesema Wavinya hawezi kukosea kuhusu kwetu.

Nimekosea kuhusu kwetu. Nisome polepole, Mama.

Kompyuta hujifunza kutoka picha za angani, na kamera ya angani haiwezi kuona kupitia mawingu. Kwa majira yale ya 2023, picha zote za upande wenu zilikuwa pamba tupu, isipokuwa moja. Tulishukuru sana kuipata. Tulitumia hiyo moja kuiambia kompyuta mashamba ya mashariki ya Thika yalivyo. Nilipomaliza barua yako niliinuka na kwenda kutafuta tarehe ya picha hiyo, ingawa tayari nilikuwa naijua.

Ni tarehe 22 Julai. Ni Jumamosi ya mazishi.

Nikaifungua nikasogea karibu kadiri inavyoruhusu. Mtu haonekani kwenye picha hizo, hata lori halionekani kama lori. Lakini kwenye shamba la mbaazi kuna weupe mkubwa unaong'aa, na kutoka kwenye lami kuna mstari mwembamba mpya unaokuja mpaka kwenye weupe huo. Kompyuta ilifanya kama ilivyofundishwa. Weupe unaong'aa ni mabati, mabati mengi pamoja ni makazi, na penye makazi na barabara mpya, mji umeanza. Ilichukua mazishi ya baba mdogo ikayaita mji.

Siku ile nilikuwa chumbani kwangu nikitazama kwa simu. Ciku alikuwa ameshika simu yake juu ili nione. Mtandao ulikatika padri alipoanza kusema "mavumbi," na uliporudi watu walikuwa wanakula. Kwa hiyo sikuwahi kuona. Na kumbe picha ya saa ile ilikuwa kwenye mashine yangu muda wote huu, nimeipitia mara nyingi, nimeipaka rangi kwa mkono wangu. Nimekaa nayo tangu juzi. Nafikiri najua ni upande gani ulikuwa umesimama.

Nimeondoa tenti, nikaendesha hesabu upya. Huendeshwa mara nyingi kwa sababu kila safari ina bahati yake, kama kupiga kura. Zamani doa lenu lilikuwa linawaka karibu kila safari kuanzia 2030. Sasa linakaa kijani miaka mingi. Nimemwandikia mkuu wa mradi. Alijibu kwamba ni kisanduku kimoja kati ya mamilioni. Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba ndani yake kuna mtu. Amekubali nitume ramani iliyosahihishwa kwa ofisi ya mipango, lakini sijui kama itafika kabla ya 23 Mei, na sijui kama kuna atakayeibandika juu ya ile ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo sitalificha. Tenti ni kosa, zilikunjwa zikarudi Ruiru. Barabara si kosa. Ipo. Nikiiacha kwenye hesabu, ikifika 2040 na kitu, kisanduku chenu kinageuka chekundu karibu nusu ya safari. Nikiifuta, kinabaki kijani mpaka mwisho. Sina haki ya kuifuta ikiwa watu wanaipita. Lakini njia ile inapita kwenye ardhi yako. Ukiifunga kwa lango, nami nitaifuta kwa dhamiri safi.

Na mwisho: kompyuta ina orodha ya mahali pasipojengwa. Mito, misitu, makaburi ya umma. Makaburi ya nyumbani hayamo. Hakuna aliyeniuliza, nami nilisahau kwamba kwetu watu wanazikwa mlangoni kwao. Yaseme hayo kwenye mkutano.

Nimeweka picha ndani ya bahasha. Nimeizungushia kalamu.

Sikuulizi kuhusu bahasha ya kaki. Naomba tu usitie sahihi kabla ya kuiona picha hii.

Wavinya


Uholanzi
9 Mei 2025

Mama mdogo,

Hujajibu. Najua barua huchelewa na naanza kuhesabu siku kama mtoto. Nilijaribu simu yako, bado imo kwenye kopo. Namba ya Ciku inasema haipatikani. Nilimpigia Anko Kivuva, akasema, "Usiwe na wasiwasi, mambo yanaenda vizuri, tunakutana kwa wakili wiki ijayo." Nilitaka kumweleza kuhusu picha. Akasema yuko barabarani, akakata.

Ikiwa umeshatia sahihi, niandikie hata hivyo. Nitabaki kuwa mwanao.

Wavinya


Gatuanyaga
1 Juni 2025

Wavinya wangu,

Kwanza nikutoe hofu: mimi ni mzima, na mvua ilinyesha mpaka ikazidi. Mto ulichukua daraja dogo, simu ya Ciku ikachukuliwa na maji pamoja na kikapu chake cha nyanya. Analia nyanya kuliko simu. Kanisa ndilo lenye sanduku la posta, na katekista hakuweza kuvuka kwenda Thika, kwa hiyo barua zako zilikaa mjini zikinisubiri.

Sasa nitakuambia kuhusu bahasha ya kaki, kwa sababu imekwisha. Nilikuwa nimekubali. Nilikubali mwanzoni mwa Mei, siku moja tu bila sababu, nikiwa nakoroga uji. Nilimtumia Kivuva ujumbe kwa kijana wa bodaboda kwamba nitakuja kwa wakili Thika tarehe kumi na tano. Kisha nikaenda kukaa pale kaburini na sikuweza kumwambia Maluki. Niliongea juu ya mbuzi.

Tarehe hiyo ilipofika maji yalikuwa yamepungua, nikavuka na kuamua kupitia posta kwanza, kumchukulia katekista barua za kanisa. Ndipo nikapewa ile yako yenye picha; ya pili ilifika baadaye. Niliisomea pale nje kwenye ngazi, watu wakinipita. Picha niliishika mbali, nikaishika karibu. Sikuona kitu mwanzoni, majani na udongo tu. Halafu nikaona ule weupe ndani ya kalamu yako.

Kwa wakili Kivuva alikuwa ameshafika, na yule wa viatu, na kalamu ilikuwa imewekwa juu ya karatasi, imeelekezwa kwangu. Sikuketi. Nikaweka picha juu ya karatasi zao.

"Nini hii?" Kivuva akauliza.

"Soma. Si una miwani?"

Akaitazama. "Ni kwetu? Na hizi nyeupe ni nini? Nani amejenga hapa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ni tenti zako, shemeji. Ni siku tuliyomzika Maluki. Kompyuta iliziona kutoka juu ikadhani ni nyumba. Wavinya amesema. Hakuna mji pale. Ni wewe ulikuwa unamlilia ndugu yako."

Yule mtu wa viatu akasema, "Mama, hayo ni mambo ya zamani, soko ni soko..." Kivuva akainua mkono bila kumtazama. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Aliweka kidole juu ya weupe ule taratibu, kama mtu anayepima kama chai imepoa.

"Ulisema ni nyingi mno," akasema.

"Nilisema."

"Jua likatoka."

"Likatoka."

 Kisha Kivuva akaniambia kwa Kikamba, ili wale wengine wasisikie, kwamba tangu siku ile hajawahi kukanyaga upande wa kaburi. Kila anapokuja husimama kwenye ua. Nilikuwa nimeona hivyo, lakini nilidhani ni dharau.

Sikutia sahihi. Kivuva hakuwa malaika ghafla, usifikiri hivyo. Bado anataka kuuza nusu yake siku moja, na ni haki yake. Amekubali tumwite mpimaji agawe, upande wa kaburi na nyumba na dirisha lako ubaki. Yule mtu alikwenda zake bila kuaga. Kivuva amebaki na picha, alisema ataiweka karibu na ile ya kofia ya trekta. Nitumie nyingine.

Kwenye mkutano wa maoni nilisimama. Ciku alinishika sketi kwa nyuma kana kwamba nitaruka. Nikawaambia kompyuta haijui tunazika nyumbani. Yule kijana wa ramani alikuwa mpole, akauliza, "Mama, ni wewe tu au kuna wengine wenye kaburi shambani?" Nikageuka. Wavinya, mikono iliinuka mpaka nyuma kwenye dirisha. Mzee Musau aliinua yote miwili, mmoja kwa kila mke. Kijana aliacha kuandika akatazama tu. Alisema ramani yenu mpya imefika na wataitumia, na kuhusu makaburi atapeleka jambo hilo kwa wakubwa wake. Sijui watasema nini. Nitakuandikia.

Sasa kuhusu barabara. Nimeifikiria zaidi ya yote. Nilipima na kamba mahali lango lingekaa. Ni kweli, ni ardhi yangu, na lango lingetuacha kijani mpaka mwisho, kama ulivyosema. Lakini asubuhi nilipokuwa na kamba mkononi, binti wa Mutisya, anayekaa ng'ambo ya shamba langu, alipita kwa bodaboda kwenda kujifungua. Zamani wangembeba kwa kitanda. Akaniita, "Mama Mbula, niombee!" huku ameshika tumbo, na pikipiki ikapita mahali pale pale gari la Maluki lilipopita. Wanaume wale walikata ua wao kumleta nyumbani. Siwezi kuwafungia njia waliyonifungulia. Nilikunja kamba.

Kwa hiyo usiifute. Iache kwenye kompyuta yako, na hiyo miaka ya elfu mbili arobaini ije na nusu yake ya wekundu na nusu yake ya kijani. Sitakuwepo, au nitakuwepo nikiwa nimelala kando yake, na wewe ndiye utakayesimama kwenye mikutano. Naogopa bado, nikikuambia siogopi nitakuwa nakudanganya. Ila sasa naogopa kitu ninachokijua.

Mtoto wa binti wa Mutisya ni wa kike.

Nimeosha koti. Limekauka vizuri, nimelirudisha kwenye msumari. Nimetoa simu kwenye kopo pia, inanuka chai, lakini usipige kwanza. Omba likizo. Safari hii hutashuka kwenye lami na kutembea kando ya miiba. Mwambie dereva aingie kushoto penye kibanda cha Ciku, afuate changarawe. Itakuleta mpaka pale ulipozungushia kalamu, nami nitakuonyesha nilisimama upande gani.

Mama yako mdogo,
Mbula